Mahali Palipoachwa Wazi

Lori la pili lilikuwa linanguruma mbele ya parokia ya Buleusa, na Mama Verdiane alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye gurudumu, watoto wamemzunguka. Risasi zilianza kusikika tangu asubuhi. Yeye hakujali.

"Ao tupande wote, ao mutupite juu," alisema.

Papa Katembo, mwenye lori, mfanyabiashara wa Butembo, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka ya kuondoka. Akamsogezea karatasi Kétsia, msimamizi wa orodha ya wanaohamishwa. "Angalia liste yako, dada. Mama mumoja, watoto sifuri. Nafasi zilizobaki nilijaza mapipa ya mafuta."

Kétsia akasoma. Sifuri kweli. Fomu ya kuandikisha watu kwenye tableti aliitengeneza yeye mwenyewe, kwa lugha ya programu ya JavaScript, na alijisifu, jamani, alijisifu mno kwamba haidanganyiki: penye idadi ya watoto, chochote kisicho namba inakikataa.

"Jeannette," akamwita mwandikishaji, "huyu mama ulimuandika nini?"

"Alikataa kuhesabu. Kwao mutoto muzima hahesabiwi, anatajwa jina. Nikaandika majina, mashine ikakataa, ikaleta nyekundu. Nikafuta, nikaacha wazi. Njo hapo ikakubali."

Ikakubali! Kétsia alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa ametumia amri ya isNaN, ile inayouliza kama kitu si namba. Nayo, ikipewa mahali patupu, kwanza hupageuza sifuri, kisha hujibu bila haya kwamba namba ipo; orodha nayo ikachapa sifuri. Hakuwahi kuijaribu hivyo. Nani ataacha wazi, alijiambia siku ile; kila mzazi anajua ana watoto wangapi.

"Kosa ni langu," akasema mbele ya watu wote. "Si la mama, si la Jeannette. Papa Katembo, nakuomba, shusha mapipa."

Katembo akamtazama, akawatazama watoto, akaguna. "Shusheni," akawaambia wapakiaji. Mama Verdiane akawapandisha wanawe mmoja mmoja, akiwaita kwa majina, na hata hapo hakutaja idadi.

Watu wakashusha pumzi. Kétsia hakuweza. Lori la kwanza, lililokwisha kuondoka, lilikuwa limepakiwa kwa orodha ileile. Akafungua tableti, akapekua majibu yote, akakuta wengine watatu walioachwa wazi.

"Jeannette, hawa wamama watatu walipanda?"

"Hapana. Tuliwasomea kwamba nafasi ni ya mama peke yake. Hawakubisha. Walizani liste imeamua. Wakabeba watoto, wakaenda kwa miguu mu pori."

Papa Katembo alikuwa amesikia. Akamwita kijana wa pikipiki, akamwamuru awashe. "Atawafuata," akasema. "Nimuambie atafute watoto wangapi?"

Kétsia akamtazama Jeannette. Jeannette alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, analia.

"Sijue, Papa," akasema. "Majina nilifuta yote."