Beseni la Saa Nane

Nyumbani walimwita Itakuwaje tangu akiwa mtoto. Ukimtuma chumvi, hatoki mlangoni mpaka aulize: itakuwaje duka likiwa limefungwa? Itakuwaje mvua ikinikuta njiani? Shangazi yake alikuwa akisema mtoto wa namna hii atazeekea kizingitini, viatu mkononi, akingoja dunia itulie ndipo atoke. Lakini riziki haina mlango mmoja. Alipomaliza chuo, benki ilimchukua, ikampa kiti cha kuzunguka na kompyuta, ikamwambia akae hapo aulize maswali yake, na kila mwisho wa mwezi atapata mshahara.

"Yaani wanakulipa kwa kuogopa?" mama yake alimuuliza.

"Si kuogopa, mama. Ni kupima hatari. Naangalia ni kitu gani kinaweza kuharibika, nawaambia mapema."

"Na wakishaambiwa?"

"Wanaandika kwenye daftari la hatari."

"Wakishaandika?"

Itakuwaje alikuna kichwa. "Ndiyo kwanza mwezi wa pili, mama. Huko sijafika."

Aliajiriwa kwa majaribio ya miezi sita. Akimaliza salama atapewa barua ya kuthibitishwa kazini. Asipomaliza salama atarudi kukaa na mama yake na karatasi zake za chuo. Kwa hiyo barua ile aliiwaza akilala na akiamka. Mama naye alikwisha kumtangaza kwa ukoo mzima, mpaka kwa wale wasiosalimiana.

Idara ya Hatari ilikuwa ghorofa ya tatu. Mlangoni walitundika fremu ya dhahabu yenye maneno Usipoziba Ufa Utajenga Ukuta, na waliitundika pale makusudi, maana ndipo ukuta ulipokuwa na ufa. Mkuu wa idara alikuwa mzee mpole mwenye tai fupi. Mbele yake watu walimwita Mkuu, akipita walimwita Mzee Njano.

Jina hilo alilipata kwa haki. Katika daftari la hatari kila jambo hupewa rangi. Kijani maana yake hakuna shida. Njano maana yake tuangalie. Nyekundu maana yake moto unawaka, na jambo jekundu hupelekwa kwenye bodi, wale wazee wenye benki yao, ambao huuliza nani alijua, alijua lini, na kwa nini alinyamaza. Mzee Njano alikuwa na miaka kumi na tisa katika idara hiyo na hakuwahi kuandika nyekundu. Kijani pia hakuandika.

"Sikiliza, binti," alimfundisha siku ya kwanza, akimmiminia chai. "Ukiandika kijani tupu, watasema kama hakuna hatari tunawalipa hawa wa nini? Utafukuzwa wewe. Ukiandika nyekundu, atafukuzwa mkubwa fulani, naye hataondoka peke yake. Njano haijamfukuzisha mtu. Njano imenisomeshea watoto wanne."

"Na jambo likiwa jekundu kweli, mzee?"

"Hapo unaandika njano iliyokolea."

Mwezi wa tano Mkurugenzi akataka kupunguza watumishi, na kazi ya kupima ikamwangukia Itakuwaje: kila cheo apime, mtu huyu asipokuwepo, ni nini kitasimama? Alifurahi kama kapewa shamba. Alitengeneza fomu nzuri yenye maswali kumi na mawili, akaituma kwa barua pepe kwa watumishi wote. Majibu yakamiminika. Kumbe hakuna mtu katika benki ile ambaye akiugua mafua jua lingechomoza. Karani wa mihuri alijaza kurasa tisa.

Mtu mmoja tu hakujibu, mfanyakazi wa usafi wa sakafu ya chini, mama wa makamo ambaye wote walimwita Mama Ndoo. Hakuwa na kompyuta, hakuwa na barua pepe, na Itakuwaje hakuwaza kushuka ngazi. Fomu yake ikajazwa na msimamizi wa usafi. Katika maswali yote kumi na mawili aliandika neno moja: anafagia.

Itakuwaje akapiga hesabu zake. Mama Ndoo akapata sifuri. Asipokuwepo, hakuna kitakachosimama. Kijani.

Mzee Njano aliiangalia ile kijani kwa mashaka, kama mtu aliyeletewa samaki asiyemjua, lakini Mkurugenzi aliipenda. Ikaamuliwa kwamba Ijumaa Itakuwaje mwenyewe aisome kazi yake mbele ya bodi, na palepale akabidhiwe barua yake. Mama Ndoo akapewa barua ya aina nyingine: siku yake ya mwisho ni Alhamisi.

Alhamisi hiyo asubuhi Mama Ndoo alipanda ghorofa ya tatu, akasimama mlangoni, mikono imekunjwa kwenye aproni.

"Shikamoo, mama," Itakuwaje alisema, akainuka kitini.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kugombana. Nimekuja kukabidhi kazi. Msimamizi ananiambia nikabidhi nini, fagio? Nikasikia wewe ndiye uliyepima."

"Ndiyo, mimi, mama."

"Basi twende ukapokee."

Walishuka mpaka chumba cha mitambo, ambako kompyuta kubwa za benki zimepangwa kwenye makabati, zikiunguruma kama paka walioshiba. Humo ndimo zilimokaa akiba za watu wote wa mji, toka tajiri mpaka muuza mchicha. Mama Ndoo alifungua kwa kadi yake, akavuta ngazi ndogo, akaonyesha juu ya kabati la katikati.

Juu ya kabati palikuwa na beseni la buluu. Juu ya beseni palikuwa na bomba. Bomba likadondosha tone, likatulia, likadondosha jingine.

"Hapo juu ni choo cha wakubwa," Mama Ndoo alisema. "Kila akivuta maji mmoja, kikombe kimoja kinashuka hapa. Nabadilisha saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Usiku hawapo, bomba nalo linalala. Mwaka wa kumi na moja huu."

Itakuwaje alilitazama bomba, akalitazama kabati. "Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilisema! Fundi bomba alikuja, akasema ni kazi ya siku nne, lakini choo kifungwe. Karatasi ikapanda juu kwa wakubwa ikatiwe sahihi. Nani atie sahihi ya kujifungia choo? Ikalala huko. Wakaniambia weka kitu chini. Nikaweka." Alishusha beseni taratibu, akaweka jingine, wala tone halikupotea. "Siku nilipomzika dada yangu, nilizika asubuhi, beseni la saa nane nikaliwahi. Sasa wewe sikia: siku ya bodi ndiyo mbaya kuliko zote. Wale wazee wanakunywa chai."

Usione vyaelea, vimeundwa. Itakuwaje alipanda ngazi mbilimbili, akafungua daftari la hatari, akatafuta. Alikuta mstari wenyewe, umekaa pale miaka kumi na mmoja bila kuguswa: Unyevunyevu, chumba cha mitambo. Njano. Udhibiti upo.

Udhibiti wenyewe alikuwa Mama Ndoo, na aliyemfukuzisha ni yeye Itakuwaje.

"Mzee, hili ni jekundu," alimwambia Mzee Njano.

Mzee alifunga mlango kwanza. "Nalijua."

"Unalijua?"

"Binti, mimi ndiye niliyeandika ule mstari. Subiri Ijumaa ipite. Chukua barua yako kwanza, uiweke kwenye mkoba. Jumatatu tutakaa, tutalikoleza. Ukisema kesho, mimi wataniuliza miaka yote hii nilikuwa wapi. Na wewe watakuuliza, mpimaji gani huyu aliyeipa roho ya benki sifuri? Andika tu: unyevunyevu unafuatiliwa."

"Unafuatiliwa na nani, mzee? Mfuatiliaji si ndiye anaondoka leo?"

"Umeona sasa," mzee alisema kwa huzuni, "ndiyo maana mimi sipendi kijani."

Jioni ile Itakuwaje hakula. Mama yake alikuwa akipiga pasi blauzi ya kesho, akiimba.

"Mama, itakuwaje nikikosa ile barua?"

"Utaikosaje? Si wamesema wanakupa?"

"Nikisema jambo la kweli wanaweza kuizuia."

Mama alisimamisha pasi. "Jambo hilo usipolisema, nani ataumia?"

"Watu wengi. Hata wewe, akiba yako iko mle."

"Akiba yangu?" Mama aliiweka pasi chini kabisa. "Ile ya kununulia bati la nyumba? Wewe mtoto, unaniuliza mimi ushauri, au unanipa taarifa?"

Ijumaa asubuhi Itakuwaje aliwahi kazini apate kubadilisha beseni kwa mkono wake. Mlango ulikataa. Kadi ya wapima hatari haikufungua penye hatari. Kadi ya Mama Ndoo ilikwisha kukusanywa, na fundi wa kompyuta alikuwa semina, akifundishwa usalama wa mitambo. Mlinzi wa chini alikuwa na ufunguo wa akiba, lakini alisema hautoi bila amri ya mkubwa, na wakubwa wote wamejifungia kujiandaa kwa bodi.

Kikao kilianza saa saba na nusu. Bodi walikuwa saba, birika mbili. Barua ya Itakuwaje ilikuwa mezani mbele ya Mwenyekiti wa bodi, katika bahasha nyeupe, jina lake limepigwa chapa vizuri. Alianza kusoma. Alipofika ukurasa wa pili, mjumbe mmoja aliinuka, akatoka kimyakimya, akaelekea chooni.

Kikombe kimoja, Itakuwaje alihesabu moyoni.

Ukurasa wa tatu wakatoka wawili pamoja. Mkurugenzi akawamiminia wageni chai tena, mkono wake mwepesi kama wa bwana harusi. Ukurasa wa nne akatoka mmoja, na yule wa kwanza akarudia. Itakuwaje alikuwa akisoma lakini hakusikia alichosoma. Tangu asubuhi hakuna aliyeligusa beseni lile. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika kumi. Mzee Njano, kwenye kiti chake cha pembeni, alikuwa amefumba macho, midomo ikimcheza.

Ndipo Mwenyekiti mwenyewe, mzee mnene aliyekuwa kwenye kikombe cha nne, akasukuma kiti nyuma. "Endelea tu, binti. Narudi sasa hivi."

Itakuwaje alikwenda mlangoni kabla hajajua miguu yake imeamua nini. Akasimama, mgongo kwenye kitasa.

"Mheshimiwa, nakuomba usiende."

Mwenyekiti alisimama mbele yake.

"Nisiende wapi?"

"Chooni, mheshimiwa."

"Binti!" Mkurugenzi alifoka. "Umerogwa?"

"Beseni limejaa," Itakuwaje alisema, na alipokwisha kuanza, yote yakatoka: bomba, beseni, saa nne, saa sita, saa nane. "Na kosa ni langu. Mtu pekee aliyekuwa akiilinda benki hii nimempa sifuri, kwa sababu sikushuka kumuuliza. Hesabu zangu hazifai. Na ule mstari wa unyevunyevu si njano. Ni nyekundu."

Walishuka wote, Mwenyekiti mbele akitembea kwa hatua fupi za mtu mwenye haja. Mlinzi alifungua. Beseni la buluu lilikuwa limejaa mpaka maji yamevimba juu ya ukingo, yakitetemeka kila kabati lilipounguruma. Mkurugenzi alipanda ngazi ndogo kwa viatu vyake vya kung'aa, akalibeba kwa mikono miwili, akashuka kidato kimoja, cha pili, nusu ya maji yakamwagikia kwenye suti. Kisha akasimama katikati ya chumba analo, akigeuka huku na huku. Hakuna hata mmoja wao aliyejua maji yale humwagwa wapi.

"Mpigieni huyo mama," Mwenyekiti alisema.

Mama Ndoo aliwaambia kwenye simu wamwage uani penye mtaro, waweke beseni la kijani lililo nyuma ya mlango, naye yuko nyumbani amekaa, miguu ameinyoosha, hajapata kuinyoosha siku ya Ijumaa. Walipomwomba arudi alisema atarudi choo kikifungwa, si kabla. Sahihi iliyokuwa imelala miaka kumi na mmoja ilitiwa kwa dakika mbili, juu ya kabati, kwa kalamu iliyoloa.

Benki haiachi jambo lipite bila barua. Mzee Njano alipata ya pongezi, kwa kuongoza idara iliyogundua hatari kwa wakati. Aliisoma mara tatu, akiogopa kila neno. Ile ya Itakuwaje ilirudishwa, ikachapwa upya: majaribio yanaongezwa miezi sita, kwa kukosa umakini katika upimaji. Hakubisha. Kosa lilikuwa kosa. Jioni alimsomea mama yake, naye mama akauliza kama bati bado lipo. Alipoambiwa lipo, akasema basi, wale wa ukoo atawaambia kazi inaendelea.

Jumatatu fundi bomba alivunja ukuta. Wakubwa walipanda kwenye vyoo vya ghorofa ya tatu, wakapanga foleni na makarani, na karani wa mihuri hakuharakisha. Mama Ndoo alikuwa mlangoni pa chumba cha mitambo, akimwelekeza fundi kwa mpini wa fagio. Safari hii Itakuwaje alikuwa ameketi naye saa nzima, akaijaza fomu yake kwa maneno yake mwenyewe, mpaka karatasi zikaisha.

Aliporudi mezani, Mzee Njano alikuja akasimama nyuma ya kiti chake. Akakohoa.

"Fundi ameshaanza, binti. Tungeweza sasa kuirudisha njano. Miezi sita si mingi, na anayeandika ripoti yako ni mimi."

Itakuwaje aliutazama ule mstari mwekundu, peke yake katika kurasa zote zile.

"Bomba likikauka, mzee," alisema, "nitaibadilisha siku hiyohiyo." Akalifunga daftari, akashuka kwenda kuona kama limekauka.