Chupa za Hansa

Jayanti alikuwa na mikono ya kulea. Mwaka wake wa pili tangu atoke Nakuru, alipata kazi ya kulisha kwenye bustani moja ya wanyama hapa London, akakabidhiwa ndama wa yaki, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya hadi magotini. Ndama huyo alizaliwa baridi ikiingia, akafungiwa zizini bila jua, miguu ikaanza kupinda. Jayanti akamwekea jiwe la chumvi alambe, akamchanganyia unga wa mifupa. Kila Jumatatu ndama anapimwa, kila Jumatatu nasimuliwa ngazini. Mimi Mwatima, mtu wa Pemba, nilipanga chumba juu ya familia yake pale Harrow, na ndama huyo alinichosha.

Binti yake Hansa, wa miaka minne, hakupimwa na mtu. Mama yake alifia Nakuru. Bibi yake, mama wa Jayanti, hakumtoa nje kwa kuogopa baridi.

"Bwana Jayanti, mtoto anaingia matege."

"Ni huu ubaridi, Bi Mwatima. Joto likirudi atanyooka."

Nesi wa kliniki akaleta chupa ya mafuta ya samaki, kijiko kimoja kila siku. Bibi aliinusa tu, akaitoa nje ya mlango. Kwa dini yao ya Kihindu, samaki wala yai havikuingia kwao tangu enzi za mababu. Jayanti hakubishana na mama yake, ila kumwaga kitu kizima aliona dhambi. Akaitia mfukoni akaenda nayo kazini. Nesi aliporudi kuuliza, alijibiwa imekwisha, asante. Akaacha nyingine.

Mwezi wa nne ndama akatolewa nje, Jayanti akatupeleka kumwona. Hansa alibebwa, maana kutembea kulishamshinda. Ndama alikimbia huku na huku, miguu imenyooka sawasawa, mtoto akapiga makofi.

"Zile chupa za Hansa," Jayanti akaniambia kwa fahari, "zote kanywa huyu."

Akaitazama miguu ya Hansa. Nilimtukana mbele ya wazungu, wala sijutii. Alisimama tu, kakumbatia ile miguu midogo.

Hospitali wakasema mifupa imeshakomaa vibaya, itabidi ivunjwe ndipo inyooshwe. Hansa alisikia. Asubuhi ya kupelekwa, akaniuliza kwa Kiswahili alichofunzwa na yaya wake wa Nakuru:

"Na ndama pia watamvunja?"

 Baba yake ndiye aliyejibu.

"Hapana, mama. Yeye alipewa dawa."