Spika za Kimutai

Wariara hakuona haja ya kukimbilia kitu ambacho kinakuja chenyewe. Ndiyo maana Jumamosi ile ya mwezi wa nane, mwaka wa 2008, wakati mjukuu wake Jackie alikuwa anazunguka nje ya ukumbi wa video kama kuku anayetafuta pa kutagia, yeye alikuwa ameketi mlangoni kwa kistuli chake, birika la uji mbele yake, akimiminia wateja mmoja mmoja na kumrudishia kila mtu salamu zake.

Ukumbi ulikuwa wa Gachanja, wa mabati matupu, huko mtaa wa Kaptembwo, pembeni mwa mji wa Nakuru, na mlangoni palining'inia pazia la gunia. Ndani palikuwa na mabenchi, televisheni kubwa juu ya rafu, na maikrofoni iliyofungwa kwa waya kama mbuzi. Maikrofoni hiyo ilikuwa ya Makokha. Kwa ukumbi wa video, sinema haimwingii mtu bila mdomo. Wachina wanapigana, Wahindi wanalia, na Makokha anawaambia watu kwa Kiswahili kile wanachosema, pamoja na kile ambacho hawakusema lakini walifaa kusema. Watu walimwita DJ, ingawa hajawahi kupiga muziki hata siku moja.

Siku hiyo hakukuwa na Wachina. Ilikuwa zamu ya sinema ya Jackie.

Jackie alikuwa na miaka ishirini na mbili, na kazi yake ilikuwa kukata na kuunganisha video za harusi kwa studio ya Jaydeep, mjini Nakuru. Mwaka uliotangulia, kuanzia mwezi wa kumi mpaka karibu na Krismasi, Jaydeep alimwachia kamera siku za Jumapili. Jackie akawa anaenda nayo kwa klabu moja pale mjini, kwa lile disko la mchana ambalo vijana huliita jam sesheni. Hakupiga picha za walevi. Alipiga vijana wakicheza muziki wa kompyuta, ule wa hausi usio na maneno, na alimpiga sana yule aliyekuwa akiupiga, kijana mrefu aliyeitwa Kimutai. Sinema nzima ilikuwa dakika arobaini, hakuna risasi, hakuna mapenzi, hakuna mtu anayefukuzwa.

Waithaka, baba yake Jackie na kifungua mimba wa Wariara, hakuona maana yake. Alikuwa na buchari Kikopey, pale magari ya barabara kuu yanaposimama watu wale nyama choma, na alitaka binti yake akae kaunta. Kwake kamera ilikuwa ya kumpiga bibi harusi akikata keki, basi. Walibishana tangu Pasaka, mpaka Wariara akachoka kuwatengea chai iliyopoa, akawaketisha na kuwaambia waweke neno moja. Wakaliweka. Sinema ingeonyeshwa mara moja, kwa watu wasiomjua Jackie. Wakikaa mpaka mwisho, Waithaka hatamsumbua tena. Wakitoka, Jumatatu asubuhi Jackie anavaa aproni Kikopey. Na kwa sababu Waithaka si mtu wa kusimuliwa, alifunga buchari Jumamosi, siku ya wateja, akaja kukaa benchi la nyuma akiwa amekunja mikono.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Televisheni ya Gachanja ilikuwa na sauti ya nyuki ndani ya chupa, na sinema ya muziki bila sauti ni kama mbuzi bila chumvi. Kwa hivyo asubuhi ile Wariara alikuwa ameleta kwa mkokoteni spika mbili nyeusi kutoka nyumbani kwake, kila moja urefu wa mtoto wa darasa la pili. Alikuwa amezifunga blanketi. Gachanja alipouliza ni za nani, alimjibu kwamba ni za mtu.

Saa nane na robo ukumbi ulikuwa umejaa. Gachanja akafunga dirisha, Jackie akabonyeza mashine.

Sinema ilianza vizuri. Mlango wa klabu, jua likiingia mpaka sakafuni, miguu ikipita juu ya lile jua. Muziki ukaanza taratibu, tup, tup, tup. Vijana kumi, kisha ishirini. Wariara, pale nje, hakuhitaji kuchungulia. Alikuwa ameiona sinema hiyo kuliko mtu yeyote, Jackie tu ndiye aliyemzidi, maana iliunganishwa mezani pake, kwa kompyuta ya studio iliyoletwa nyumbani wikendi, huku yeye akichambua maharagwe. Alijua mahali muziki unapovuta pumzi kama anavyojua sauti ya uji unaotaka kufurika.

Aliyepata shida ni Makokha. Dakika ya kwanza alikohoa. Ya pili akasema, "Naam, hapa vijana wanacheza." Ya tatu hakuwa na kitu kingine, kwa sababu vijana walikuwa bado wanacheza. Kazi yake yote ilisimama juu ya watu wawili: staring, yaani yule shujaa asiyekufa, na adui. Sinema hii haikumpa hata mmoja. Mtu akapiga mwayo kwa makusudi, na Makokha akafanya kile ambacho angekifanya DJ yeyote wa video. Akatafuta adui.

"Wasee, hebu cheki huyu amevaa vitu kwa masikio," alisema. "Mnafikiria ni mchezo? Huyu ndiye adui. Hizo vifungo anabonyeza, anatuma siri kwa wakubwa wake."

Watu wakacheka, na Makokha akapata nguvu. Akampa Kimutai bastola chini ya meza. Akampa genge. Ndipo jina likatokea pale chini ya picha, kama Jackie alivyoliandika, na Makokha, ambaye husoma kila kitu kinachotokea, akalisoma kwa sauti: Kimutai.

Kicheko kikakatika kama umeme.

Msomaji anakumbuka mwezi wa kwanza wa mwaka ule, baada ya uchaguzi, Wakikuyu wa mitaa kama huu na Wakalenjin wa akina Kimutai walipofukuzana na kuchomeana nyumba. Pale ndani hakukuwa na benchi lisilokuwa na mtu aliyepoteza kitu, nyumba au duka au ndugu. Kwa benchi la tatu mtu akasema, bila kupaza sauti, "Kumbe ni mmoja wa wale." Na Makokha wa watu, akidhani kimya kile kimetokana na upungufu wa pilipili, akaongeza kwamba adui huyu sasa anapanga kuvamia mji.

Mtu mmoja akasimama. Wakasimama wawili. Jackie alikuwa karibu na mashine, asijue kama azime au aache. Kule nyuma Waithaka alikunjua mikono yake. Alikuwa karibu kushinda, na uso wake haukuonyesha furaha yoyote.

Wa kwanza kutoka alikuwa mwanamume wa makamo, fundi wa viatu aliyeitwa Ngigi. Alipolisukuma pazia alimkuta Wariara amesimama mbele yake na kikombe kilichojaa mpaka mdomoni.

"Shika," Wariara akamwambia.

Ngigi akasema hakuagiza uji.

"Najua. Ni wa moto, huwezi kutembea nao barabarani. Na kikombe ni changu. Rudi ndani ukinywe ukiwa umekaa."

Mtu akiwa na kikombe kilichojaa hawezi kubishana vizuri. Ngigi akageuka, na kwa kuwa alikuwa anatembea polepole asimwage, waliokuwa nyuma yake nao wakasimama pale pale. Wariara akapita katikati yao, akaenda mpaka mbele, akanyoosha mkono.

"Mathe, hii ni kazi ya watu," Makokha akanong'ona.

"Na unaiweza sana. Wachina wako sitawagusa. Leo nipe mimi."

Akampa. Wariara hakuwahi kushika maikrofoni maishani, lakini alikuwa amezaa watoto saba na kuwaita wote chakula kutoka upande wa pili wa shamba.

"Mimi ni yule wa uji," alisema. "Mmekunywa uji wangu miaka sita na hakuna aliyelazwa. Kwa hivyo mniamini kidogo. Hapa ndani hakuna adui. Anayetaka adui arudi kesho, Makokha atampa wawili."

Wengine wakacheka kwa shida, kama mtu anayecheka jino likimuuma. Lakini walicheka, na mmoja akakaa.

Basi akaanza kuwasimulia, na hakusimulia kama Makokha. Aliwaambia yule msichana wa sweta ya kijani anafua nguo za watu kule Bondeni siku sita, na ya saba ndiyo hii. Yule mfupi anayezunguka kama pia, yeye ni kondakta, na mama yake hajui. Akawaambia wamtazame Kimutai, macho yake yanaenda wapi. Haangalii wasichana, haangalii kamera. Anaangalia miguu.

Yeye mwenyewe, akawaambia, alipokuwa msichana kwa shamba la mzungu huko Njoro, alicheza mwomboko kila Jumapili, kinanda kikikunjwa na kukunjuliwa na pete ya chuma ikigongwa. Wapiga kinanda walikuwa wawili. Mmoja alikuwa anafumba macho apendeze. Mwingine alikuwa anainama, anaangalia miguu ya watu, na akiona imechoka anaipunguzia, akiona imepona anaiongezea. "Yule wa kufumba macho alikuwa anajipigia mwenyewe," alisema. "Huyu wa kuangalia miguu ndiye tulimfuata mpaka Elburgon. Sasa mwangalieni huyu kijana."

Wakamwangalia. Na hapo muziki ukaanza kufanya ule mchezo wake. Ngoma nzito ikaondoka. Kikabaki kitu kidogo juu, kama mvua inayojaribu bati kabla ya kuamua kunyesha. Kijana wa mbele akasema mashine imekwama.

"Haijakwama," Wariara akasema. "Bado."

Kile kitu kidogo kikapanda. Kwenye picha vijana walikuwa wameinua mikono, wamesimama kabisa.

"Bado."

Hata waliosimama mlangoni walikuwa wameacha kusogea.

"Mnaharakisha wapi? Bado." Akainua kidole kimoja, kama anavyowazuia wajukuu kufunua sufuria. Akakiacha hewani mpaka benchi moja likaanza kunung'unika. "Sasa."

Ngoma ikaanguka. Spika zile zikapiga vifua vya watu, mabati yakatetemeka, na vumbi la miaka likashuka kutoka darini kama unga. Mtu akapiga kelele, halafu akajicheka. Mzee mmoja wa mbele akajishika kifua akasema kumbe hiki ndicho watoto wanachofuata huko. Mara ya pili muziki ulipopungua, nusu ya ukumbi ilikuwa inasema bado pamoja na Wariara. Mara ya tatu walisema wote, na kijana mmoja aliyesema sasa kabla ya wakati akazomewa mpaka akaficha uso.

Ni Ngigi aliyeuliza, kikombe chake kikiwa mapajani. Aliuliza taratibu.

"Shosho, huyu kijana ako wapi saa hii?"

Wariara akaisogelea spika iliyokuwa karibu.

"Alienda Ravine na watu wa kwao, mwezi wa kwanza, juu ya lori. Lori lilikuwa limejaa. Akapiga hodi kwangu, na wakati huo mnajua hakuna aliyekuwa anafungulia mtu. Nikafungua. Akaniambia, shosho, niwekee hizi." Akaweka mkono juu ya spika. "Hiki kinachowagonga kifua ni chake. Kimekaa kwangu miezi saba, na panya hajaguguna hata uzi mmoja."

Ngigi alitazama spika, akatazama kikombe, akanywa. Wale waliokuwa mlangoni, mmoja mmoja, wakatafuta nafasi kwa mabenchi.

Sinema iliisha kama Jackie alivyotaka iishe. Vijana wametoka, Kimutai anakunja nyaya zake, anachukua ufagio mwenyewe na kufagia, jua limerudi sakafuni. Picha ikawa nyeusi. Watu wakabaki wamekaa, wakimngoja Wariara awaambie.

"Imeisha," akasema. "Leteni vikombe."

Gachanja alimfuata Jackie hadi nje akitaka kujua kama Jumamosi ijayo inawezekana, na Makokha alikuwa anamuuliza Wariara, kwa heshima ambayo hajawahi kumpa, alijuaje mahali pa kusema sasa. Wariara akamwambia achambue maharagwe wikendi kumi, atajua.

Waithaka alitoka wa mwisho. Alisimama mbele ya binti yake akipangusa vumbi la dari begani, akichukua muda mrefu kwa vumbi dogo.

"Jumatatu," akaanza.

Jackie akamkumbusha kwamba watu walikaa.

"Si nimeona? Nasema Jumatatu njoo Kikopey, na hiyo kamera. Kuna madereva wa malori wanafungua redio wakingoja nyama, wanacheza pale kwa changarawe. Kila siku nawaona, na sijawahi kuangalia miguu." Akamgeukia mama yake. "Mami, ulijua hawatatoka?"

"Sikujua," Wariara akasema. "Ila sikuwa na haraka."

Akazifunga spika blanketi zake, moja kwanza, halafu ya pili, na kusimamia zikipandishwa mkokoteni. Jackie alikuwa ameshatoa simu, anamwandikia Kimutai meseji, na akamuuliza nyanya yake kama kuna neno la kuongeza.

Wariara akafikiri.

"Mwambie hiyo ya kushoto inakwaruza kidogo," alisema. "Mwambie akuje aiangalie."