Mwanamke Aliyeletwa na Ziwa

"Usimuguse, Mama!" Hidaya alipiga kelele kutoka juu ya mchanga, mikono yote miwili imelikinga tumbo lake. "Rudi! Ziwa haitoe kitu bure!"

Adija hakurudi. Alikwisha kuvua ndara zake, naye alisimama majini akimtazama mwanamke aliyelala ubavu pale ukingoni kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujaondoka mji wa Albertville. Ziwa Tanganyika lilitulia tuli, halikuvunja hata kijiwimbi, na juu yake hapakuruka ndege. Wavuvi walisema hakuna mtumbwi uliopotea, wala upande huu wala Kigoma. Maiti hakuvimba. Samaki hawakumgusa. Hina ya viganja vyake ilikuwa mbichi kama ya bibi arusi wa jana, na nywele zake, ajabu ya maajabu, zilikuwa kavu.

Watu walisimama mbali, wamejibanza kwenye mitumbwi iliyopinduliwa. Wote walijua yanayosemwa: anayempokea maiti wa ziwa, ziwa humfuata nyumbani likachukua mwingine badala yake. Na Hidaya, binti wa Adija, alikuwa na mimba iliyokaribia siku zake.

Papa Ngoy, fundi wa mitumbwi, alijitokeza na upondo wa kusukumia mitumbwi. "Mama Adija, acha tumusukume. Ziwa njo ilimuleta, yenyewe itamurudisha. Hatujue hata kama ni muntu wa dini gani."

"Ni muntu, Papa Ngoy."

Zamani Adija asingeweza kusema hivyo. Alikuwa mwoga wa maiti kupita wote mtaani. Nyumba yenye msiba aliizungukia mbali. Kisha macho ya Ramazani, mumewe, yakaanza kufifia, naye akamfundisha kusoma ili amsomee msahafu. Alisoma kwa kidole, polepole, na Ramazani akimfasiria kila aya. Siku moja wakafika kwa yule muuaji wa kwanza, aliyemuua nduguye asijue aifanyeje maiti, hata Mungu akamtuma kunguru aparue ardhi kumwonyesha.

"Kwa hiyo aliyetufundisha kuzika ni ndege?" Adija aliuliza.

"Ndege," Ramazani alisema, akicheka.

Adija hakucheka. Ukurasa ule ulimshika wiki nzima. Akawa kila akiona kunguru juu ya paa anainamisha macho kwa aibu. Ramazani alipofariki, aliwafuata waosha maiti akajifunza kazi yao, na tangu hapo hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyekwenda kaburini bila kupita mikononi mwake.

Lakini hakuna maiti aliyewahi kumdai mwanawe. Alimgeukia Hidaya. Kama binti angeita mara moja tu zaidi, pengine Adija angetoka majini.

Upondo wa Ngoy ukamgusa marehemu begani. Mkono wa maiti ukateleza, kiganja kikageuka juu, kama cha mtu anayeomba kushikwa. Watu wakapiga yowe. Ngoy akaachia upondo.

Adija akaushika ule mkono. Haukuwa na baridi ya maiti.

Florentine, jirani yake Mkristo, alishuka na shuka. "Mimi simuguse, Mama. Naogopa. Lakini shuka nitashika."

Adija alimwosha maiti nyuma ya shuka ile, akisikia upande wa pili pumzi ya mtu anayelia kwa kujizuia. Alipomaliza alisema, "Pole, Florentine. Umelia sana."

"Mimi?" Florentine alikuwa mweupe midomo. "Nilizani ni weye."

Walimzika kabla ya adhuhuri. Ngoy alikuja na jembe lake, akachimba, akaondoka bila kuaga.

Alasiri Adija alijifungia ndani. Hapo ndipo woga ulipomjia, mzima, kama zamani. Alifungua msahafu, herufi zikamcheza machoni. Ukungu ulikuwa umerudi, umejaa dirishani.

Mlango ukasukumwa. Hidaya aliingia na furushi la nguo.

"Kwa mama mukwe hawataki nilale. Wanasema nimebeba ziwa." Aliketi mkekani kwa uzito. "Mama, ile roho ya kumushika ulitoa wapi?"

Adija alimsogezea msahafu.

"Mi sijue kusoma."

"Hata miye sikujua." Alikishika kidole cha binti yake, akakiweka juu ya herufi. "Alifu."

"Alifu," alisema Hidaya.

Na nje, upande wa ziwa, karibu kabisa na dirisha, sauti ya mwanamke ikasema taratibu: "Alifu."

Hidaya alilikumbatia tumbo. Mtoto ndani akapiga teke, akatulia.

Adija aliutazama ukungu uliojaa dirishani. Kisha akaugeuza msahafu kidogo, ukaelekea dirishani, akapaza sauti ili aliye nje naye asikie.

"Be," alisema.