Ufagio wa Wifi

Mfugaji wa vipepeo alikuwa na maadui wawili duniani: sisimizi na wifi yake. Na wifi walikula sahani moja, kwa hiyo vita vyote akavielekeza kwa sisimizi.

Alikuwa na haki. Sisimizi wakiingia kwenye kibanda cha wavu hutafuna mayai na viwavi, na hata kipepeo mchanga anayekausha mbawa hawamwachi. Ndiyo maana wafugaji wote wa kikundi hupaka grisi kwenye miguu ya meza.

Sasa kulikuwa na kipepeo mdogo wa bluu, wa kule ndani msituni, ambaye hakuna aliyewahi kumkuza. Viwavi wake walikula majani vizuri, wakatoa utomvu mtamu mgongoni, utomvu ukaota ukungu, wakafa wote. Mara mbili. Mwenyekiti wa kikundi, mama asiyeuma maneno, akasema kundi hili la tatu la viwavi likifa, kibanda anapewa mtu mwingine.

Asubuhi moja wifi alitangulia kumwagilia miche. Mfugaji alipoingia, alikimbilia brashi. Ufagio ulikuwa umeegemezwa mezani, daraja safi kabisa juu ya grisi, na sisimizi walikuwa wanaupanda kwa msururu hadi kwenye viwavi.

Wifi alikuja mbio, akaomba radhi, akasema alihitaji mikono miwili ya kubebea ndoo. Mfugaji hakumsikia. Alishashika brashi ya kuwafagia wale maharamia, akainama, mkono ukagoma. Viwavi walikuwa wanaendelea kula bila wasiwasi. Sisimizi mmoja alimpapasa kiwavi mgongoni, tone likatokea, akalinywa, akapapasa tena.

"Wifi, njoo uone. Hawawaumi," alisema. "Wanawaramba."

"Wanaramba nini?"

"Ule utamu unaoota ukungu. Kumbe siku zote tumewafungia nje wanaowaosha!"

Walikumbatiana hapohapo, ndoo ikamwagika, hakuna aliyejali. Tangu siku hiyo ufagio haukuguswa. Viwavi walinenepa, wakajishikiza chini ya majani, wakajifunga ndani ya maganda magumu ya kahawia, na sisimizi wakawazunguka kama walinzi wa benki. Mfugaji alikuwa anakula chakula chake amesimama, mlangoni mwa kibanda, na wifi yake ubavuni.

Mwenyekiti, akidhani hawa nao wamekufa, alikuja kuchukua kibanda. Kitu cha kwanza alichokiona ni ufagio uliojaa sisimizi. Akaguna, akanyoosha mkono auondoe.

"Usiuguse!" walipiga kelele mawifi wawili kwa pamoja, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana kitu tangu harusi iliyowafanya mawifi.

Mwenyekiti akarudisha mkono, macho yakimpanda kwa mshangao hadi juu ya wavu. Pale kipepeo aliyetoka alfajiri alikuwa anafungua mbawa, bluu tupu, na nyuma yake mwingine, na mwingine.

Mwenyekiti aliwahesabu mmoja mmoja.

"Kibanda ni chenu," alisema hatimaye. "Ila tafuteni ufagio mwingine, sakafu chafu hii."