Sare ya Harusi ya Kaingu

Sidi Karisa alikuwa na ulimi, tusifichane. Ukipita mbele ya kibanda chake cha ushoni pale Tononoka na nguo uliyoagiza kwa simu, hukupewa hata salamu kabla hujaambiwa ukweli wako. "Mwanangu, hiyo si nguo, hiyo ni karatasi ya kufungia maandazi. Ukiinuka vibaya utaondoka wewe, yenyewe ibaki kitini!" Watu walicheka, kisha wakarudi kushonesha kwake, maana mkono wake haukuwa na mfano mtaa mzima, na mwenyewe alijua.

Sasa sikilizeni mambo. Mwanawe wa pekee, Kaingu, karani wa kampuni ya malori kule Shimanzi, akapata mchumba. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa binti, Mwende, ikakaribia, na mama wa kijana hana nguo ya kuvaa! Kinyozi hajinyoi. Alikuwa ameshonea watu hata akasahau kwamba naye ni mtu. Basi akafungua simu, akaona gauni la kijani lenye mikono mipana, bei yake chini kuliko kitambaa kitupu dukani. Kidole kikabonyeza. Akajiambia anajaribu tu.

Mzigo ulipofika aliufuata kwenye duka moja karibu na soko la Marikiti, akaufunga ndani ya leso kama aliyebeba samaki aliyeoza. Nyumbani akakaza mlango, akavaa, akasimama mbele ya kioo. Lo! Gauni lilimkaa. Lilimkaa mabegani, likamkaa kiunoni, na huko chini likaanguka vizuri kuliko chochote alichowahi kujishonea. Badala ya kufurahi, alikasirika. Akalivua, akaligeuza ndani nje akitafuta kosa, na kosa akaliona: mishono myembamba, nyuzi hazikufungwa, pindo limeshikizwa tu. Haya, kosa lipo. Mbona basi lapendeza? Akaketi kitandani asijue amtukane nani.

Kwa kina Mwende wanawake hawakuisha kumsifu. Awiti, mamake Becky, jirani yake na mkubwa wa wanawake wa kanisani kwao, alimzungusha mbele za watu. "Mama Kaingu, leo umependeza wewe! Jamani, twatafuta nini tena? Hii ndiyo sare yetu ya harusi."

Nanyi mwajua sare kwetu ni kitu gani. Wanawake wa upande wa bwana harusi hutoka na nguo moja, na ile aliyoivaa mama mwenye kijana ikishapendwa, neno limepita. Na mama huyo akiwa fundi, ole wake atakayepeleka kitambaa kwa mwingine. Sidi akafungua kinywa aseme, "Hii si kazi ya mkono wangu." Likamtoka neno jingine, "Nitawashonea." Alishangaa mwenyewe.

Akazunguka maduka yote ya vitambaa ya barabara ya Biashara. Kitambaa kile hakuna. Akachukua kilichokaribia, akashona gauni moja la kujaribia, likasimama mwilini kama turubai. Akafumua, akakata upya, likazidi ubaya. Ajabu ya Mungu: mishono yake mizuri na nguo mbaya, mishono ya wale mibaya na nguo nzuri! Sasa yeye miaka yote hii alikuwa akijua nini? Hakuwa na wa kumwuliza, na harusi ilikuwa yabisha hodi, wanawake wameshapimwa, wameshalipa, wanangoja. Akaagiza zote kwa simu.

Zilipofika alijifungia nazo ndani. Akabandua lebo za shingoni kwa wembe. Halafu, kwa kuwa moyo ulimsuta, akarudia mishono ya mabega ya kila gauni kwa uzi wake mwenyewe. Nikirudia mabega, akawaza, si nusu ya nguo imekuwa yangu? Na nikirudia pindo, je? Nirudie ngapi ndipo niseme nimeshona mimi? Jibu hakulipata, na siku ya harusi ikafika kabla hajaigusa mishono ya mbavuni.

Harusi ilifana. Ila walipotoka kanisani, jua likaonyesha kwamba kijani kile ni cha namna mbili, wengine kijani cha ndimu, wengine kijani cha chupa. Sidi alitaka ardhi immeze. Khairiya, mwenye duka jirani na kibanda chake, akamshika mkono: "Mashallah, umechanganya rangi makusudi! Fundi ni wewe tu." Sidi akasema ahsante, asijue acheke au alie. Wenzake wa sare walicheza na kupiga vigelegele, lakini kila alipomtazama Awiti, Awiti aliangalia kando.

Siku chache baadaye Awiti akaja kibandani. Gauni alilibeba mkononi, limeachia ubavuni kutoka kwapani mpaka kiunoni.

"Hodi, Mama Kaingu."

"Karibu, Mama Becky. Habari za nyumbani?"

"Njema. Hili limenipasukia nikiinuka kitini. Hebu nitilie sindano."

Sidi akalitia kwenye cherehani. Kila sindano ilipopita, kitambaa kikafumuka pembeni yake, mpasuko ukawa mkubwa kuliko ulioletwa. Akaacha kukanyaga. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Mama Becky, nikwambie kweli. Hizi sikushona mimi. Niliagiza kwa simu. Hata lile langu la kwanza."

"Twajua."

"Mwajua?"

"Siku ile ile kwa kina Mwende, binti yangu aliliona kwenye simu yake, gauni lilo hilo. Akasema, mama, tuagizeni wenyewe, ni rahisi. Mimi ndiye niliyekataa. Nikawaambia wenzangu, Kaingu tumemlea sote, hatuendi kumwoza na nguo za simu na mamake ni fundi. Tukakubaliana tunyamaze, tukupe wewe uzishone."

"Lakini mlilisifu! Wewe mwenyewe ulisema ndiyo sare!"

"Tulisifu mtindo. Mkono tulitaka wako."

"Nilijaribu, Mama Becky, wallahi nilijaribu! Likatoka kama turubai."

"Ungetuvisha hilo turubai. Tungecheza nalo."

Sidi alihisi kichwa kinamzunguka. Alikuwa amewaficha watu waliokuwa wakimficha yeye, na kati yao hakujua nani amemdanganya nani.

"Nitawarudishia ujira wenu."

"Nani ametaja ujira?"

"Basi nitakushonea jingine. Leo hii nakata."

"Nilivae wapi, mama? Harusi imepita."

Awiti hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Sidi. Alijitanda leso, akaaga kwa heshima kama kawaida yake, akaenda zake. Gauni aliliacha. Sidi akalitandaza mapajani, akalitazama. Bado lilikuwa zuri, na yeye akalia.