Gari Lililokuja Bila Taa

Yusto alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kutaka gari liwe jepesi. Watu wengine wa Musoma wakinunua gari hutaka libebe: magunia ya dagaa, mama mkwe, watoto wa jirani, na mbuzi mmoja kama nafasi ipo. Yeye alinunua Altezza nyeupe ya gia za mkono, kisha akaanza kung'oa kila kitu kilichoweza kumfaa binadamu mwenye familia. Aliyeshika spana alikuwa Felisian, fundi wake wa Nyakato, pale pale Musoma.

Walianza na siti za nyuma. Wakafuata tairi la spea na jeki, mazulia, spika, mpaka kile kiyoyozi ambacho Marieta, mke wa Yusto, alikuwa anakipenda peke yake katika gari zima. Boneti la chuma likabadilishwa likawa la faiba. Zikaja shokapu fupi, rimu nyembamba, breki mpya na ekzosti iliyofanya kuku wa Nyakato wakimbilie uvunguni. Kila kilichotoka, Yusto alikinyanyua kwanza apime uzito wake, halafu anatabasamu kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Mwezi wa nane kulikuwa na mashindano ya magari Mwanza, na alikwisha kuwatangazia watu wote kwamba anakwenda.

Felisian alimcheka, lakini moyoni alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kwenye kazi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuziba radieta za malori na kubadilisha springi za Noah zilizochoshwa na abiria. Hakuna aliyewahi kumwomba alifanye gari likimbie. Alipokuwa anashika Altezza ile alinawa mikono kabla, jambo ambalo hakulifanya hata kabla ya kula.

Ikabaki betri. Ile ya zamani ya maji ilikuwa nzito, ukiibeba mpaka mlangoni lazima uiweke chini upumue. Yusto akaagiza ya lithiamu kutoka Nairobi, ikaja kwa basi kupitia Sirari, imefungwa kwenye taulo kama kitoto kichanga. Felisian aliinyanyua kwa mkono mmoja akadhani wamemletea boksi tupu.

"Hii nayo inawashaga gari?" akauliza.

"Funga, kaka Feli. Utanyamaza mwenyewe."

Aliifunga, na kweli akanyamaza. Injini iliitika mara tu ufunguo ulipoguswa. Shida ilikuwa moja: betri ilikuwa ndogo mno kwa trei yake. Trei ilitengenezwa kwa ajili ya lile jitu la maji, na hii ilikaa katikati ikicheza. Ilihitaji kibano cha chuma cha kuchomelea, kazi ya nusu saa, lakini Jumamosi ile umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na mashine ya kuchomelea ilikuwa imelala. Yusto naye alikuwa na haraka. Wenzake walikuwa wanamsubiri Bunda waone gari, na kutoka huko alitaka apite Nyamuswa mpaka Butiama kumsalimia mama yake.

"Ngoja Jumatatu," Felisian akasema.

"Betri yenyewe mtoto anaweza kuibeba. Itaenda wapi?"

Hapo ndipo fundi wa watu alipopotea. Angekuwa ameshika betri nzito asingekubali, kwa sababu kitu kizito kinakutisha, na unakifunga kwa hofu. Hiki hakikumtisha. Akachukua ukanda wa mpira wa tyubu, ule ule ambao Musoma nzima inafungia kila kitu, kuanzia kitanda juu ya pikipiki mpaka mlango wa choo, akauzungusha chini ya trei, akaukaza kwa meno na mkono, akaitikisa betri. Haikutikisika. Ukingo wa trei ulikuwa mkali kidogo pale mpira ulipopita. Aliuona, akasema moyoni kwamba ni mpaka Jumatatu tu.

"Kwenye vumbi nenda taratibu," akamwambia.

Yusto akacheka, akaondoka na kelele zake, na Felisian akasimama barabarani akilisikiliza gari mpaka likapotea masikioni.

Habari zilimfikia Jumapili akitoka misa ya kwanza. Yusto alikuwa amefariki jana yake, giza lilipokuwa linaingia, kwenye kona moja kabla ya kufika Butiama. Alikuwa amegonga ng'ombe, gari likaacha barabara, likapiga mwamba. Mwenye ng'ombe ni mtu anaitwa Mugeta, na amekamatwa. Felisian alikaa chini pale pale kwenye ngazi za kanisa, na watu wakampisha huku na huku, maana wote walijua wale wawili walivyokuwa.

Kesho yake askari wa usalama barabarani akamwita kituoni Butiama aje alitazame gari, kwa kuwa ndiye aliyelifahamu. Altezza ilikuwa imewekwa kwenye kivuli cha ukuta, pua yake imerudi ndani. Askari alikuwa mtu mwenye adabu, alimpa pole, akamwacha afanye kazi. Felisian aliinua kilichobaki cha boneti la faiba.

Betri ilikuwa imelala ubavu. Mpira wa tyubu ulikuwa umekatika pale pale kwenye ukingo wa trei, umeliwa polepole, kingo zake zimechakaa kama shingo ya shati la zamani. Kichwa cha chanya kilikuwa kimegusa bodi, na pale kilipogusa chuma kiliyeyuka kikaacha alama nyeusi. Fyuzi kubwa, ile inayopitisha umeme wa gari zima, ilikuwa imeungua. Felisian aliigusa ile alama kwa kidole. Halafu akili ikaanza kumtafutia pa kukimbilia, ikamwambia kwamba gari limepiga mwamba, na kila kitu hurukaruka gari likipiga mwamba. Huenda betri iliangukia pale wakati wa kishindo. Huenda mpaka kwenye ng'ombe kila kitu kilikuwa sawa.

Aliisimamisha ile betri ndogo katikati ya trei yake. Ukanda wa tyubu akauviringisha, akautia mfukoni.

"Vipi, fundi?" askari akauliza. "Taa zilikuwa zinafanya kazi?"

"Nilizifunga mwenyewe," Felisian akajibu. "Ni taa kali."

Na hilo lilikuwa kweli, kila neno. Askari akatikisa kichwa kwa huzuni, akarudi ofisini.

Walimzika Yusto Jumatano, nyumbani kwao Butiama, nyuma ya nyumba ya mama yake. Padri alisoma misa pale uani. Wengine walipokwenda kupokea komunyo Felisian alibaki ameketi, akitazama viatu vyake. Aliyekuwa jirani yake alidhani ni uchungu tu, akampigapiga begani.

Baada ya mazishi wanaume wakabaki kwenye viti kuzungumza jambo la Mugeta. Boniphace, kaka mkubwa wa Yusto, ndiye aliyesema. Alikuwa mtu wa maneno machache na sauti ya kuamuru, na siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu. Alisema familia haitaki kesi ndefu ya mahakamani. Aliyemuua mdogo wao kwa uzembe alipe kwa ng'ombe, kama watu wa hapa wanavyomalizana, na mambo yaishe. Mugeta alikuwa ameachiwa kwa dhamana, akaletwa na ndugu zake wawili, akasimama mbele ya watu na kofia mkononi. Alikuwa mwembamba, wa umri kama wa Felisian.

"Mimi pole nimeshatoa, na narudia," Mugeta akasema. "Ng'ombe walichelewa kutoka mtoni, hilo kosa langu. Lakini nilitazama barabara huku na huku kabla ya kuwavusha. Ile gari ilikuja haina taa."

Watu wakaguna. Mmoja akacheka kwa hasira. Gari la Yusto lilijulikana kwa mambo mawili, kelele na taa, na mtu huyu anasimama kwenye matanga kusema halikuwa na taa.

"Na haikuwa na mlio," Mugeta akaongeza, kana kwamba hakuona anavyozidi kujizamisha. "Nilisikia matairi tu. Imeshuka kilima kimyakimya, giza tupu."

"Umelewa," Boniphace akasema. "Gari ya Yusto inasikika mpaka Bunda. Fundi wake huyu hapa amekaa. Ndiye aliyefunga hizo taa. Anajua huu ni uongo."

Vichwa vikamgeukia Felisian. Taa zimezimika na injini imezimika, vyote kwa mara moja, kabla ya kumfikia ng'ombe: katika umati ule ni yeye peke yake aliyejua maana yake. Kile kichaka alimokuwa amejificha, kwamba betri iliangushwa na mwamba, Mugeta alikuwa amekifyeka kwa maneno mawili bila kujua. Rafiki yake alikuwa ameshuka kilima kile akiwa kipofu, usukani mgumu kama nguzo, kwa sababu ya ukanda wa tyubu. Alitaka kusimama, lakini kabla hajaamua chochote Boniphace alikuwa amekwisha kuendelea na maneno mengine. Ikakubaliwa ng'ombe wa Mugeta wote wachukuliwe kwa awamu. Ndugu zake hawakupinga sana, walikuwa wanaogopa jela.

Alipokuwa anaaga, Marieta alimfuata mpaka kwenye njia. Alikuwa na kitu amekifunga kwenye khanga.

"Shemeji, hii tumepewa na polisi," akasema. "Mimi sijui nitaifanyia nini. Usiku ule ilipokuja kutoka Nairobi aliiweka mezani tukala naye inatutazama. Alikuwaga anasema, wewe ukifunga kitu, yeye hakagui." Akamkabidhi betri. "Kaa nayo tu."

Aliibeba mpaka Nyakato, nyepesi vilevile, akaiweka juu ya rafu nyuma ya makopo ya oili, akaifunika na gunia. Haikusaidia. Kila aliponyoosha mkono kuchukua kitu alijua ilipo. Kazi ikawa inamshinda. Alifungua nati ya tairi akasahau alikuwa anafungua au anakaza. Mteja mmoja aliacha gari lake akarudi kulichukua likiwa halijatengenezwa. Felisian alijua lililobaki ni moja, kwenda kwa Mugeta kumwambia, halafu kwa Boniphace, halafu litakalokuja lije. Gereji itakufa. Marieta hatamtazama tena. Boniphace huenda akamvunja meno, na alikuwa na haki hiyo. Akauchukua ule ukanda uliokatika, akautia mfukoni kama ushahidi, akapanda gari la Butiama.

Zizi la Mugeta lilikuwa karibu tupu. Ng'ombe mmoja tu alibaki, jike mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, akitafuna peke yake. Mugeta alimkaribisha bila chuki, akamtolea kiti, yeye akakaa kwenye jiwe. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana habari za watoto na mvua. Felisian alikuwa amepanga maneno yake tangu Musoma. Mugeta akamtangulia.

"Fundi, nimefurahi umekuja. Nilikuwa nataka nikuulize kitu, naogopa kukufuata." Aliivua kofia akaishika magotini. "Mimi nilikuwaga naona vizuri. Ng'ombe akipotea kule mlimani nilikuwaga namjua kwa mbali. Lakini watu wote wanasema taa zilikuwepo. Kaka wa marehemu anasema. Mama yake anasema. Hata mke wangu juzi ameniambia labda nilikuwa na usingizi. Sasa nikilala naiona ile gari, mara ina taa, mara haina. Sijui tena niliona nini."

Mkono wa Felisian ulikuwa mfukoni, juu ya mpira.

"Ng'ombe sitaki kudai," Mugeta akasema. "Hayo yameisha, nakuapia, wala sitamwambia mtu. Nataka tu kujua kichwa yangu kama iko sawa. Kama taa hazikuwepo, basi sikukosea, nitalala. Kama zilikuwepo, mimi ndiyo nimeua mtoto wa watu kwa uzembe, na nikubali. Wewe gari ile unaijua mpaka ndani. Zilikuwepo?"

Haijawahi kuwa rahisi hivyo kwa mtu kusema kweli. Hakuna aliyemtaka meno, wala gereji, wala jela. Alitakiwa neno moja, na mwenye kulitaka alikuwa amekwisha kumsamehe kabla hajalisikia. Felisian alifungua mdomo. Aliona uso wa Marieta kwenye ile njia, akimwambia kwamba yeye akifunga kitu hakikaguliwi. Aliona kwamba akimwambia mtu huyu mmoja, hata kwa siri, kitu hicho kitakuwa kimetokea kweli, na yeye ndiye atakuwa amekitenda.

"Zilikuwepo," akasema.

Mugeta akaitikia polepole kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayejifunza njia.

"Haya," akasema. "Basi ni macho. Kesho nitaenda kwa mama wa marehemu, nimwombe radhi vizuri. Ile siku nilimtukania maiti yake." Akafuta uso kwa kofia. "Asante, fundi. Wengine walikuwa wananipigia kelele tu. Wewe umekuja mpaka nyumbani kuniambia ukweli."

Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kibuyu cha maziwa mgando.

"Kunywa," akasema. "Ni ya huyo mwekundu. Kesho asubuhi wanakuja kumchukua na yeye."

Felisian akatoa mkono mfukoni, akapokea kibuyu kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akanywa mpaka kikaisha.